Kompyuta pepe huanzaje upya ilhali haina umeme wa kukatwa?

Kompyuta inapokwama, ushauri wa kwanza anaopewa mtumiaji ni kuizima na kuiwasha upya. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, huacha yote iliyokuwa ikifanya na kurejea katika hali ya mwanzo iliyopangwa na mtengenezaji.

Kompyuta pepe ni tofauti. Hiyo ni programu inayoiga kompyuta nzima ndani ya kompyuta halisi, na seva moja huweza kubeba nyingi kwa wakati mmoja. Haina waya wa umeme. Inapoamriwa kuanza upya, programu yenyewe ndiyo hulazimika kurejesha kila rejista, yaani visanduku vidogo vya kumbukumbu ndani ya prosesa, katika thamani yake ya awali.

Hali ya mwanzo ni ipi?

Kwa prosesa za x86, zilizoasisiwa na kampuni ya Intel ya Marekani, jibu limo katika miongozo ya watengenezaji. Baada ya kuwashwa, prosesa husoma agizo lake la kwanza kwenye anwani FFFFFFF0, baiti 16 tu chini ya kikomo cha gigabaiti 4. Rejista iitwayo EDX hubeba utambulisho wa prosesa, na kache huwa imezimwa.

Ugumu ni kwamba kuna njia mbili za kuanza upya. Ya kwanza, RESET, hurejesha karibu kila kitu mwanzo. Ya pili, INIT, huacha baadhi ya mambo yalivyo, ikiwemo mipangilio ya kache. Programu inayozichanganya njia hizo huiga prosesa isiyokuwepo duniani.

Marekebisho ya KVM

KVM, iliyoingia katika Linux toleo la 2.6.20 mwaka 2007, ilikuwa na kasoro za aina hiyo. Mwaka 2021 wahandisi wake walirekebisha utaratibu huo, ili INIT iiachie EDX utambulisho sahihi na isiguse mipangilio ya kache.

Kosa la namna hii ni gumu kulibaini. Mfumo endeshi huanza kazi ukiamini kwamba prosesa ni safi. Ukikuta thamani iliyosalia, huweza kukwama bila kutoa ujumbe wowote, na msimamizi akaulaumu mfumo usio na hatia. Ndiyo maana wahandisi hulinganisha rejista moja baada ya nyingine na mwongozo, badala ya kuridhika kwamba mashine imewaka.