Upungufu wa Damu si Uvivu



Katika shule nyingi yuko mwanafunzi anayesinzia darasani na kuachwa nyuma mlimani, na wenzake humwita mvivu. Labda ni mvivu kweli. Lakini yawezekana damu yake imepungua, na hapo maneno makali hayatamfaa kitu. Kwa hiyo nataka kuwaeleza kidogo habari za ugonjwa huu.

Damu yetu ina chembe nyekundu ambazo kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Ndani ya chembe hizo mna hemoglobini, nayo haitengenezwi bila madini ya chuma. Chembe moja huishi siku 120 hivi, kisha hufa na nyingine hushika mahali pake. Zikipotea upesi kuliko zinavyotengenezwa, mtu huchoka, huona kizunguzungu, moyo humwenda mbio, na viganja vyake na ndani ya kope hupauka. Wengine hutamani hata kula udongo.

Je, damu hupungua kwa sababu gani? Nitataja sababu zilizo karibu nasi hapa Burundi.

Kwanza ni chakula. Maharage, lengalenga na sombe vina chuma, lakini mwili hukipata kwa shida. Ukila pamoja na ndagala au nyama, au ukifuatisha chungwa au pera, hukipata vizuri zaidi. Chai na kahawa hukizuia; basi tusinywe pamoja na chakula, bali tungoje saa moja au mbili.

Pili ni safura. Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu Mjerumani Arthur Looss, akiwa Cairo, alidondokewa mkononi na maji yenye watoto wa mnyoo huu. Ngozi ikamwasha, na baadaye mayai ya mnyoo yakaonekana katika choo chake. Ndivyo ilivyojulikana kwamba safura hupenya ngozi. Mnyoo huuma utumbo na kunyonya damu kila siku. Kinga yake ni viatu na choo kizuri.

Tatu ni malaria, ambayo huvunja chembe nyekundu. Basi tulale ndani ya chandarua. Nne ni selimundu, ugonjwa wa kurithi, ambao huhitaji matibabu yake wenyewe.

Tena sisi wasichana hupoteza damu kila mwezi, na mama mwenye mimba huhitaji damu kwa watu wawili. Dada yangu mkubwa alipokuwa na mimba, jirani walimwambia kwamba kinywaji chekundu huongeza damu, naye akanywa soda nyekundu kila jioni. Soda hiyo ni sukari na rangi tu. Alipopimwa, damu yake ilikuwa chini sana, na choo chake kilikuwa na mayai ya safura. Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma, akajifungua salama. Lakini mama aliyeishiwa damu, akitokwa na damu wakati wa kuzaa, aweza kufa upesi, hata kama damu hiyo si nyingi.

Mwaona, basi, kwamba dawa moja haitoshi kwa watu wote. Anayenyonywa na minyoo akimeza vidonge vya chuma peke yake ni kama ajazaye mtungi uliotoboka. Yafaa kwanza kupimwa, ili sababu ijulikane. Mwenye mimba aanze kliniki mapema na kumeza vidonge anavyopewa kila siku, hata vikimfanya choo cheusi. Hilo si jambo la kuogopa.

Shime, wenzangu! Tukimwona mwenzetu amechoka siku zote, tusimcheke. Tumpeleke akapimwe damu.