Kazi za Shamba Wakati wa Kipupwe na Kiangazi

Mavuno yakiisha wengi katika nchi yetu ya Shinyanga huliweka jembe, na vijana hushika sururu kwenda machimbo ya Geita kutafuta dhahabu. Siwalaumu, maana fedha ya ada na ya nguo yatakiwa. Lakini tangu Juni hata Oktoba ndipo adui za mazao ya mwaka ujao hupata makao.

Ukiisha kuchuma pamba, usiiache miti yake isimame. Funza wekundu hujificha katika vitumba vilivyosalia na ndani ya mbegu, wakingoja pamba mpya itoe maua. Ing'oe yote, uichome moto. Jirani asiyechoma huwafuga funza watakaokuja kwako, basi afadhali kijiji kizima kifanye kazi hii pamoja.

Zaidi nataka kusema habari za ghala. Wazee wetu waliweka mahindi pamoja na magunzi yake, na kwa wadudu wa zamani ilifaa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 alionekana dumuzi huko Tabora, mgeni aliyetoka Amerika ya Kati, ambaye watu walimwita Scania, kama yale malori makubwa. Huyu hustawi hasa katika mahindi yasiyopukuchuliwa, kwa kuwa punje zimeshikwa imara, naye hupata pa kujikaza akitoboa. Hula na mihogo mikavu, hata miti ya ghala huitoboa. Kwa hiyo mahindi yakikauka sawasawa, yapukuchue, uyapepete, uyatie dawa kwa kipimo atakachokuonyesha bwana shamba. Kabla ya hayo fagia ghala, na mabaki ya mwaka jana uyachome. Mahindi mapya yasikutane na ya zamani.

Akina mama wana akiba yao, viazi vitamu: michembe hukatwa vibichi na kuanikwa, matobolwa huchemshwa kwanza.

Na ng'ombe? Wakila mabua yote, ardhi hubaki tupu, na mvua ya kwanza huichukua. Ndiyo maana ya ngitili, malisho yafungwayo wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Yalikuwa yamepungua sana, mpaka mradi wa HASHI, ulioanza 1986, ukawasaidia watu kuyarudisha.

Basi kijana atakaye kwenda Geita na ang'oe pamba na kupukuchua mahindi kwanza, ndipo aage. Kazi hizo mbili hazingoji Novemba, na mama peke yake na watoto wadogo hawaziwezi.