Je, Wajua? Kuzijua Mila Si Kuzipima

Katika kitabu chake cha mwaka 1990, mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwagawa wazee wenye hekima makundi mawili: anayezijua mila za watu wake na kuzieleza barabara, na anayezipima kwa akili yake mwenyewe hata zikimpendeza kila mtu kijijini. Kundi la pili lilikuwa na wazee kutoka Embu na Meru. Njeru wa Kanyenje wa Embu hakuona ukweli katika dini wala katika uchawi. Stephen M'Mukindia Kithanje wa Meru yeye alimfikiria Mungu kama joto na baridi: vikichanganyika, uhai huzuka. Mjaribu mchungaji wako kwa hilo Jumapili!