Dawa za TB Zinapofanya Kazi, Uvimbe Ukazidi

Chukua mfano wa mkulima wa viazi wa Keringet mwenye TB iliyosambaa: mapafuni, kwenye tezi za shingo, na maji yamejaa kifuani. Wiki ya sita ya matibabu, kikohozi kimekata, jasho la usiku limeisha, kilo zimepanda. Mara tezi ya shingo inafura, inauma, na ngozi juu yake inapata moto. Majirani watasema dawa zimemkataa. Huenda zinafanya kazi barabara.

Madaktari huiita hali hii mwitikio kinzani. Bakteria wanapouawa, mabaki yao humwagika mwilini. Kinga, ambayo ugonjwa ulikuwa umeilemaza, huanza kupata nguvu na kuyavamia mabaki hayo. Uvimbe, usaha na homa hutokana na vita hivyo. Usaha wa tezi kama hiyo ukioteshwa maabara, mara nyingi hakuna kinachoota.

TB ikiwa kwenye viungo vingi, kila kiungo hupona kwa wakati wake. Picha za hospitali zinaweza kuonyesha mapafu yakisafika huku maji ya kifuani yakiongezeka au vinundu vikijitokeza ubongoni. Hatari kubwa iko ubongoni, kwa kuwa fuvu halina nafasi ya uvimbe.

Wanaoishi na VVU hupatwa zaidi, hasa miezi mitatu ya kwanza ya ARV, kinga inaporudi kwa kasi. Ndiyo maana mwenye TB ya utando wa ubongo huanza dawa za TB kwanza, na ARV hufuata baada ya wiki 4 hadi 8. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa 2018 ulionyesha kuwa prednisoni (dawa ya kutuliza uvimbe) ya wiki 4, kwa wenye kinga ya chini sana wanaoanza ARV, ilipunguza mwitikio huu kutoka wagonjwa 47 hadi 33 katika kila 100.

Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Daktari huuliza kwanza: je, dawa zimemezwa zote? Bakteria ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa za TB? Kuna ugonjwa mwingine, kama saratani ya tezi? Kipimo cha GeneXpert hutambua usugu huo, lakini husoma vinasaba hata vya bakteria waliokufa, hivyo jibu la kuwa TB ipo halimaanishi dawa zimeshindwa. Kuotesha ndiko huonyesha kama wako hai, ingawa huchukua wiki kadhaa.

Usugu usipopatikana, dawa za TB huendelea zilezile. Wengi hutulia kwa dawa za maumivu; usaha hufyonzwa kwa sindano, na waliozidiwa hupewa prednisoni.

Kwa hiyo usikatize dawa wala usikubali tezi ichanjwe nyumbani. Rudi kliniki na kadi yako na vidonge vilivyobaki, vihesabiwe. Ukiumwa kichwa vikali na kutapika, ukichanganyikiwa, ukipata degedege au pumzi ikikatika, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.