Akina Mama na Mazoezi ya Pumzi

Kila alfajiri, kabla jua la Juba halijawa kali, majiko ya mkaa huwashwa katika nyumba nyingi, kuanzia Munuki mpaka Kator. Mama ndiye wa kwanza kuliinamia jiko, na ndiye wa kwanza kuvuta moshi wake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 uchafu wa hewa majumbani uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni.

Wako akina mama wanaoamini kuwa kuhema kwa nguvu hupunguza unene. Imani hiyo ina chembe ya ukweli. Mwili unapotumia kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa hewa ya kaboni, na kilo 1.6 huwa maji. Ndivyo walivyoeleza wanasayansi wa Australia mwaka 2014. Lakini mafuta hutumika zaidi mwili ufanyapo kazi: kutembea kwa haraka, kulima, kuteka maji. Ahemaye harakaharaka huku ameketi huambulia kizunguzungu tu.

Faida ya mazoezi ya pumzi iko kwingine. Mama na aketi wima penye hewa safi, mbali na jiko, mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Avute pumzi kwa pua akihesabu mpaka 4, tumbo liinuke, kifua kitulie. Kisha aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama apozaye uji, akihesabu mpaka 6. Afanye hivyo kwa dakika 5, asubuhi na jioni. Akiona kizunguzungu, apumzike.

Zoezi hili hukizoeza kazi kiwambo kilicho chini ya mapafu, na humsaidia mwenye kubanwa na pumzi. Pumzi ya polepole pia hupunguza mapigo ya moyo. Mke wa askari anayekesha akimngojea mumewe atoke zamu ataona wasiwasi ukipungua, na usingizi ukimjia kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo, zoezi si dawa. Kikohozi kilichodumu wiki 2 au zaidi chaweza kuwa kifua kikuu. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya apimwe. Mwenye pumu asiache dawa zake. Na huzuni isiyoondoka kwa wiki 2 yafaa kuelezwa kwa mganga, wala si aibu.

Baba naye ana sehemu yake. Alitoe jiko nje, au afungue madirisha mapana. Jiko la mkaa kamwe lisiachwe likiwaka katika chumba walalamo watoto, kwani hewa yake yenye sumu haina harufu, na huua watu usingizini. Mama akishapata hewa safi, hapo ndipo pumzi yake ndefu itakapomfaa.