Shirika Lisilokuwepo Lenye Anwani ya Kweli

Mtu akipewa anwani ya shirika fulani, aghalabu huamini kwamba shirika hilo lipo. Mazoea hayo yametokana na posta, ambako sanduku la barua hukodishwa kwa mtu au ofisi inayojulikana. Katika intaneti mambo sivyo yalivyo. Yamepata kuwapo mashirika ambayo hayakuwa na ofisi, mfanyakazi wala hazina, na hata hivyo yalikuwa na anwani za kweli zilizofunguka katika kompyuta popote duniani. Baadhi yake yalibuniwa na watungaji wa tamthilia za televisheni zinazosimulia hadithi za kisayansi. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo lilivyowezekana, na somo linalopatikana humo kwa mwanafunzi wa sayansi.

Mifano miwili

Mwaka 2005 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza upya tamthilia ya Doctor Who, ambayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Katika sehemu iliyoonyeshwa tarehe 26 Machi, 2005, msichana aitwaye Rose anatafuta katika intaneti habari za mtu wa ajabu aliyekutana naye, akaikuta tovuti ya raia mmoja anayemchunguza mtu huyo. BBC iliitengeneza tovuti ya namna hiyo kwa kweli, ili mtazamaji naye aisome nyumbani kwake. Katika sehemu nyingine, ya tarehe 23 Aprili, mhusika mmoja anaingia katika tovuti ya jeshi la kubuni liitwalo UNIT kwa kutumia neno la siri, "buffalo". Mtazamaji aliyeandika neno hilohilo katika tovuti ya UNIT iliyotengenezwa na BBC alifunguliwa mlango vilevile.

Mfano wa pili unatoka Marekani, katika tamthilia ya Lost, inayosimulia habari za abiria walionusurika katika ajali ya ndege kisiwani. Mwaka 2006 vituo vya televisheni vya Marekani, Uingereza na Australia vilishirikiana kuendesha fumbo kubwa juu ya taasisi ya kubuni iitwayo Hanso Foundation. Matangazo ya taasisi hiyo yalionyeshwa miongoni mwa matangazo ya kweli ya biashara, pamoja na namba ya simu. Tovuti yake ilikuwa na nembo, majina ya wakuu wake, na orodha ya miradi ya utafiti juu ya kurefusha maisha, afya ya akili na nguvu za sumaku-umeme. Aidha, mwigizaji aliyejifanya kuwa msemaji wa taasisi alihojiwa katika kipindi cha mazungumzo cha televisheni. Watazamaji wengi walijua kuwa huo ni mchezo, na raha yao ilikuwa kuzitafuta siri zilizofichwa ndani ya kurasa. Lakini aliyeufikia ukurasa mmoja tu, bila kuijua tamthilia, hakuwa na alama ya wazi ya kumwonya.

Jinsi anwani inavyofanya kazi

Kompyuta katika intaneti hutambuana kwa namba, kama vile 192.0.2.10. Kwa kuwa ni vigumu kwa binadamu kukumbuka namba nyingi za namna hiyo, mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris alibuni utaratibu wa kuzipatia majina. Majina huandikwa pamoja na namba zake katika madaftari ya kielektroniki yaliyogawanywa katika kompyuta nyingi duniani. Mtu anapoandika jina la tovuti, kompyuta yake huuliza madaftari hayo, hupewa namba inayohusika, kisha huomba ukurasa kutoka kwa kompyuta yenye namba hiyo. Kazi yote hiyo kwa kawaida hukamilika katika sehemu ndogo ya sekunde.

Katika hatua hizo zote hakuna inayouliza kama mwenye jina ni mkweli. Jina linaloishia na "com" au "org" hukodishwa kwa yeyote anayelipa ada, almuradi halijachukuliwa na mwingine. Wako wanaodhani kwamba "org" huthibitisha shirika la hisani, ilhali Hanso Foundation nayo ilitumia "org". Yapo majina yanayolindwa zaidi. Nchini Tanzania, kwa mfano, "go.tz" imetengwa kwa taasisi za Serikali, na nchini Kenya "go.ke" hufanya kazi hiyo.

Kadhalika, herufi "https" zilizo mwanzoni mwa anwani, au alama ya kufuli ionyeshwayo na baadhi ya vivinjari, hueleweka vibaya. Maana yake ni kwamba habari zinasafirishwa kwa maandishi ya fumbo ili wengine njiani wasizisome. Bahasha iliyofungwa vizuri huilinda barua, lakini haithibitishi kwamba yaliyoandikwa ndani ni kweli.

Mlinganyo wa kubuni na mlinganyo wa kweli

Katika fumbo la Lost ulitajwa "mlinganyo wa Valenzetti", uliosemekana kukadiria muda uliosalia kabla binadamu hajatoweka duniani. Watazamaji walipewa namba 4, 8, 15, 16, 23 na 42, ambazo jumla yake ni 108. Walielezwa kwamba namba hizo zinawakilisha hali ya mazingira na ya binadamu.

Mlinganyo huo waweza kulinganishwa na ule ulioandikwa na mwanaastronomia Frank Drake mwaka 1961, wa kukadiria idadi ya jamii zenye uwezo wa kupeleka mawimbi ya redio katika kundi letu la nyota. Mlinganyo wa Drake hutaja kila kipengele chake: kasi ya kuzaliwa kwa nyota, sehemu ya nyota zenye sayari, na kuendelea. Thamani za baadhi ya vipengele hazijulikani bado, na wataalamu hubishana juu yake. Lakini wanaweza kubishana kwa sababu wanajua kinachopimwa. Namba za Valenzetti hazina vizio, wala hakuna maelezo ya jinsi zilivyopatikana. Hakuna awezaye kuzisahihisha, na kwa sababu hiyohiyo hakuna sababu ya kuziamini.

Hadithi inapokwisha

Jina la tovuti hukodishwa kwa muda. Tamthilia ikiisha na ada isipolipwa, jina laweza kuchukuliwa na mtu mwingine kwa kazi tofauti kabisa. Kwa upande mwingine, nakala za kurasa za zamani huhifadhiwa, mathalani na Internet Archive, hifadhi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996. Hapo ndipo penye hatari. Watazamaji wa mwaka 2006 walikuwa na tamthilia yenyewe ya kuwaelekeza. Mwanafunzi anayekuta nakala leo, akitafuta habari za kurefusha maisha kwa ajili ya insha yake, hana kielekezi hicho.

Kwa hiyo mwalimu anaweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi darasani. Wanafunzi wapewe ukurasa mmoja wa taasisi ya kweli na mmoja wa taasisi ya kubuni, wala wasiambiwe upi ni upi. Kwa kila ukurasa waulize: Je, taasisi hii inatajwa na wengine wasiohusika nayo? Je, watafiti wake wamechapisha kazi inayoweza kusomwa na kukosolewa? Je, vipimo vyake vina vizio, na njia ya kuvipata imeelezwa? Je, ukurasa uliandikwa lini, na kwa madhumuni gani? Nembo nzuri, picha za maabara na anwani inayofunguka havijibu hata swali moja kati ya hayo.