Halmashauri ya Kupima Hatari Katika Kiwanja cha Ndege

Kiwanja kikubwa cha ndege chafanana na mji mdogo. Humo mna marubani, waongoza ndege walio mnarani, mafundi, wazima moto, wapakia mizigo, madereva wa magari ya mafuta na wafagiaji. Kila mtu huijua sana kazi yake, lakini ni wachache waijuao kazi ya jirani zao. Mara nyingi ajali huzaliwa mahali ambapo kazi ya mtu mmoja hukutana na kazi ya mwingine.

Kwa sababu hiyo mataifa yamekubaliana kwamba hatari zitafutwe na kupimwa kabla hazijaleta madhara. Mkataba wa usafiri wa ndege ulitiwa sahihi mjini Chicago mwaka 1944. Kiambatisho chake cha 19, kilichoanza kutumika Novemba 2013, chahusu usimamizi wa usalama, na Kenya ni mojawapo ya nchi zilizo katika mkataba huo. Njia moja ya kutimiza wajibu huu ni kuita halmashauri ya watu wachache wenye ujuzi, hasa kabla ya kufanya badiliko kubwa kiwanjani.

MSIBA WA MILAN

Maana ya kazi hii yaonekana wazi katika mambo yaliyotokea Italia, katika kiwanja cha Linate mjini Milan, tarehe 8 Oktoba 2001. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito. Ndege ndogo iliambiwa ipite njia ya R5, lakini ikaingia njia ya R6, ambayo ilikata njia kuu ya kurukia. Rubani alipotaja alama ya S4 aliyoiona chini, mwongoza ndege hakutambua mahali ilipo, kwa kuwa alama hiyo haikuwamo katika ramani yake. Rada ya kuonyesha ndege zilizo ardhini haikuwa ikifanya kazi. Ndege ndogo ikaingia njia kuu wakati ndege kubwa ya abiria ilipokuwa ikikimbia ili iruke. Watu 118 walikufa, na wanne kati yao walikuwa wafanyakazi waliokuwamo katika jengo la mizigo.

Hakuna hata moja kati ya kasoro hizo lililokuwa siri. Wachunguzi walieleza kwamba kiwanja hakikuwa na utaratibu wa usimamizi wa usalama uliokuwa ukifanya kazi. Kila kasoro ilikuwa peke yake mahali pake, wala hapakuwa na watu walioketi kuziweka zote pamoja.

MAANDALIZI KABLA YA KIKAO

Jambo la kwanza ni kulieleza shauri lenyewe waziwazi. Tuseme kuwa sehemu ya njia ya kurukia yataka kutengenezwa. Katika kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, chenye njia moja tu ya kurukia, kazi kama hiyo si ndogo. Kuandika maneno “matengenezo ya njia” hakutoshi. Yapasa kusema ni sehemu ipi itakayofungwa, kwa saa zipi, magari ya kazi yatapita wapi, na ni urefu gani utakaobakia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka kuliko Mombasa. Basi urefu utakaopunguzwa ni jambo la uhai wa watu.

Jambo la pili ni kuchagua wajumbe. Wakubwa peke yao hawatoshi. Dereva apitaye kando ya njia ile usiku, na mwongoza ndege wa zamu, huenda wakajua jambo lisiloandikwa katika faili yoyote. Mwenyekiti naye asiwe mtu ambaye faida yake ni kuona kazi imemalizika upesi. Yafaa awape wadogo nafasi ya kusema kwanza, kwa kuwa mkubwa akishatoa shauri lake, wengi huona haya kumpinga.

Jambo la tatu ni kukusanya habari. Ramani zilinganishwe na mambo yalivyo ardhini. Taarifa za ajali zilizokaribia kutokea zisomwe na wajumbe siku kadhaa kabla ya kikao. Tena wajumbe wakapatembelee mahali penyewe mchana na usiku, maana taa inayoonekana vema wakati wa kiangazi yaweza kufichwa na mvua.

JINSI YA KUPIMA

Halmashauri ikiketi, huuliza mambo mawili juu ya kila hatari: je, yaweza kutokea mara ngapi, na ikitokea italeta madhara gani? Katika kipimo cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, uwezekano hupewa nambari kuanzia 5, jambo litokealo mara nyingi, mpaka 1, jambo ambalo ni shida kutokea. Madhara hupewa herufi kuanzia A, yaani maangamizi, mpaka E, yaani madhara madogo sana. Hatari yenye alama ya 5A haiwezi kuvumiliwa, na kazi yapasa kusimamishwa. Yenye alama ya 1E yaweza kukubaliwa. Zilizo katikati hutafutiwa dawa, kisha hupimwa tena.

Mwisho, kila dawa iandikwe pamoja na jina la mtu atakayeisimamia na tarehe ya kuimaliza. Shauri lisilo na mwenyewe halitekelezwi. Tena halmashauri irudi baadaye kuangalia kama dawa ile imefaa, au kama imezaa hatari nyingine.

Abiria aingiaye ndegeni hawezi kuiona kazi hii. Pale Linate alama ya S4 ilikuwapo ardhini, na ramani isiyo na alama hiyo ilikuwapo mnarani. Mfanyakazi wa njiani na mwongoza ndege wangeketi meza moja na ramani ile mbele yao, kasoro hiyo ingaliweza kuonekana kabla ya siku ya ukungu.